Kibao Kimoja, Jina Moja

Hapo zamani, si zile za wafalme na majini bali zamani za juzijuzi tu, ambazo watu wake bado wako hai na bado wanabishana, palikuwa na mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa maabara, katika chuo kimoja kilichojengwa bondeni, chini ya milima ya Upare. Juu ya mlango ule palipigiliwa vibao vidogo vya mninga, na kila kibao kilikuwa na jina la mtu. Ukigundua jambo ndani ya maabara ile, jambo la kweli, likapimwa, likarudiwa, likasimama, jina lako liliandikwa kwa rangi nyeupe na kupigiliwa pale juu. Kibao kimoja, jina moja. Ndivyo alivyotaka mtu aliyeanzisha desturi ile, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kufa, hapakuwa na wa kumwuliza kwa nini.

Sasa sikilizeni kilichomuudhi Mwasiti. Vibao vile vyote vilikuwa vya wanaume. Vyote. Maabara ilijaa wasichana waliopima, waliochuja, waliounguza vidole, waliosugua visahani hadi mikono ikanuka sabuni mpaka kwenye wali, lakini ukiinua macho mlangoni ungedhani ndani mle hakujawahi kuingia hata mbu jike.

Mwasiti alikuwa binti wa Dar es Salaam, yuko mwaka wa mwisho, na alikuwa bingwa wa mdahalo. Siku moja alisimama ukumbini mbele ya chuo kizima akasema, "Mlango ule uandikwe jina la mwanamke kabla mwaka huu haujaisha. Mwanamke yeyote. La sivyo ung'olewe, tuuanikie mihogo." Ukumbi ukapiga meza. Shikeni maneno hayo, mwanamke yeyote, msiyaachie. Yatarudi.

Kipaji cha Mwasiti kilikuwa kimoja. Mpinzani wake husema maneno mengi, kwa adabu, akizunguka huku na huku, Mwasiti husubiri amalize, kisha husimama, huweka mkono kiunoni, husema, "Kwa maneno mengine, mwenzangu anasema hivi." Na mwenzake akajisikia amesema jambo ambalo hakulisema, tena la kipumbavu. Kwa hiyo wakambandika jina, Mama Kwa-Maneno-Mengine. Alilipenda jina lile kama watu wanavyopenda viatu vipya.

Basi mwaka ule Dokta Nyoni, mkuu wa maabara, aliwagawa wanafunzi wawili wawili, akawaambia wakatafute miti ambayo watu wa milimani huitumia kwa vidonda na majipu, wailete, waikamue dawa, waone kama kweli inaua vijidudu au inawafariji tu wagonjwa. Mwasiti alipangwa na kijana aitwaye Mbazi. Huyu alikuwa Mpare wa hukohuko mlimani, mpole, mwenye mzaha, mvivu kwa namna ambayo hukasiriki nayo. Alipoulizwa kwa nini alichagua maabara, alijibu kwamba ndicho chumba pekee chuoni chenye feni inayozunguka.

Wakapanda mlima. Wakaulizia. Wakaelekezwa kwa Bibi Naelijwa.

Bibi Naelijwa alikuwa maarufu kwa majani ya mghare, mti mdogo wa kandokando ya mashamba ya ndizi, ambao ng'ombe hawaugusi. Usidhani alikuwa bibi wa kujinyenyekeza. Alimkaribisha Mwasiti kwa kumweleza kwanza idadi ya watu aliowaponya, kisha idadi ya wale ambao wangepona kama wasingekuwa wakaidi. Alilalamika kidogo kwamba siku hizi wapo wanaosema dawa yake imekufa. Uongo mtupu, alisema. Asiyepona amegombana na wakwe zake.

Mbazi hakuyasikia hayo. Alikuwa amebaki nyuma njiani akitafuna muwa, kwa sababu kila mzee aliyekutana naye alikuwa ama mjomba wake, ama mtu aliyewahi kushitakiana na mjomba wake, na wote walitaka salamu ndefu.

Mwasiti aliketi jikoni kwa Bibi. Lilikuwa jiko zuri. Mwana wa Bibi alikuwa amemletea jiko la gesi, linang'aa, limewekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Pembeni yalikuwapo mafiga ya zamani, na katikati ya majivu yake kuku mmoja mwekundu alikuwa ameatamia, akimtazama Mwasiti kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

"Majani ya mghare," Bibi alimwambia, "usiyachume ukayachemsha hivihivi. Mama yangu alikuwa akisema, yavumbike kwanza, mjukuu wangu. Yavumbike mpaka yakubali."

"Sawa, Bibi," alisema Mwasiti.

Hakuuliza. Bingwa wa mdahalo haulizi, anajibu. Aliposikia *yavumbike* alisikia vumbi ndani yake, akaliona vumbi, vumbi la kijani, laini, kwenye chupa. Alipokutana na Mbazi njiani alimwambia, "Kwa maneno mengine, tuyasage yawe vumbi."

"Bibi kasema tusage?"

"Kasema."

Mbazi akatupa ganda la muwa. Kama Bibi kasema, kasema.

Wakachuma magunia mawili. Gunia la kwanza Mwasiti alilianika kivulini, akalikausha, akalisaga, akapata vumbi lake la kijani. Akaliloweka kwenye spiriti, akalichuja, akakausha. Akachukua visahani vya kioo vyenye rojo gumu, mfano wa jeli ya mwani, akavipaka vijidudu vya majipu. Juu yake akaweka vipande vidogo vya karatasi, duara duara, vilivyolowekwa dawa ya mghare. Kando yake akaweka kipande chenye spiriti peke yake, ili spiriti isije ikajidai ndiyo dawa, na kipande chenye dawa ya hospitali, ili kuwe na wa kulinganishwa naye. Akaviweka kwenye kabati la joto.

Kazi ile ni rahisi kuisoma. Vijidudu huota na kufunika kisahani chote kama ukungu juu ya uji uliolala. Lakini pale penye dawa inayoua, vijidudu haviotei karibu. Panabaki duara safi kuizunguka karatasi. Duara ndilo jibu. Kuna duara, kuna dawa. Hakuna duara, chukua kisahani ukakioshe.

Asubuhi Mwasiti alifungua kabati. Dawa ya hospitali, duara. Spiriti, hakuna. Mghare, hakuna. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka ukingoni mwa karatasi, kama nyasi zinavyobana jiwe.

Akarudia. Hakuna duara. Akaongeza vumbi. Hakuna duara. Dokta Nyoni alipita, akatazama, akasema kwa upole wake mkavu kwamba mti ukikataa tunauheshimu, na kwamba mwisho wa mwezi angeufuta. Na muda wa kutafuta mti mwingine haukuwapo. Mghare ukifutwa, mwaka unaisha, na mlangoni panabaki vilevile, wanaume juu na mihogo haijaanikwa.

Sasa tumfuate Mbazi kidogo, maana gunia la pili alikabidhiwa yeye.

Aliambiwa alianike kivulini. Siku aliyoambiwa ndiyo siku aliyopigiwa simu aende nyumbani kwenye sendofu, sherehe ya kuagwa kwa dada yake kabla ya harusi. Akaona kuanika ni kazi ndefu na basi halisubiri. Akayashindilia majani mabichi kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga shingo, akausukuma nyuma ya mtungi mkubwa wa mvuke unaochemshia vyombo vya maabara, mahali penye joto mchana kutwa, akaenda kula pilau. Sendofu ya Wapare haiishi siku ile inayoanza. Aliporudi, mfuko ulikuwa umevimba na una joto kama mtoto mwenye homa. Majani yalikuwa meusi, yanatoa jasho, yananuka ugoro.

Hapo ndipo mtu mwadilifu angekwenda kuyatupa na kukiri. Mbazi aliwaza jinsi Mwasiti atakavyosimama, atakavyoweka mkono kiunoni, atakavyoanza na "kwa maneno mengine". Akaona heri asionekane. Akayaloweka yale majani yaliyooza kwenye spiriti, akachuja, akakausha, akaweka karatasi zake juu ya kisahani. Mwasiti alipomwuliza, alisema ni majani makavu, yale yale.

Asubuhi yake Mwasiti alifungua kabati, akatoa kisahani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamwita Mbazi kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuisikia kwake. Kuizunguka karatasi ya mghare palikuwa na duara, safi, pana kama kifungo cha koti.

Mwasiti alicheza. Alicheza katikati ya maabara, na koti lake jeupe likapeperuka. Mbazi alicheza pia, lakini kwa miguu mizito.

Maana mnajua kilichofuata. Mwasiti alirudia kwa vumbi lake la kijani, na duara halikutokea. Akarudia. Halikutokea. Dokta Nyoni alimwita ofisini, na maneno aliyomwambia yalikuwa machache. Duara linalotokea mara moja likakataa kurudi, alisema, ama ni bahati, ama ni mkono wa mtu. Hakusema mkono wa nani. Mwasiti alitoka mle masikio yakiwaka. Katika maisha yake aliwahi kuitwa mkali, aliwahi kuitwa mjuaji, lakini hakuwahi kuitwa mwongo, hata kwa kuzungushiwa.

Hasira ya Mwasiti haikai chini. Jumamosi iliyofuata ilipanda mlima, ikimvuta mwenye nayo, na Mbazi nyuma akihema.

"Bibi, shikamoo," alisema Mwasiti mlangoni, na kabla ya kuitikiwa vizuri akaendelea. "Tumeyapima majani yako mpaka tumechoka. Kwa maneno mengine, dawa yako haifanyi kazi."

Bibi Naelijwa alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Rudia hayo mbele ya mashahidi," alisema. "Mbazi, wewe ni shahidi. Jumatatu nampeleka barazani. Nitamshitaki kwa majani, kwa jina langu, na kwa kuingia nyumbani kwa watu na viatu."

"Bibi, mimi nimekuja naye," alisema Mbazi. "Siwezi kuwa shahidi."

"Basi na wewe umeshitakiwa."

Lakini mgeni ni mgeni hata akiwa mshitakiwa, na hawezi kukaa bila kitu mdomoni. Bibi aliinuka akiendelea kutaja mashitaka, akaenda kwenye pipa lililokuwa nyuma ya mlango, akaondoa magunia, akaondoa tabaka la majani ya mgomba, na harufu tamu ikajaa jikoni. Akatoa kichane cha ndizi za njano, bado za vuguvugu, akakiweka mezani kando ya jiko la gesi.

"Kuleni. Nilizivumbika Jumapili."

Mwasiti alikuwa ameshamenya nusu. Akasimama.

"Umezifanyaje?"

"Nimezivumbika. Huko Dar ndizi zinaivia wapi, kwenye redio?"

Na hapo, enyi mnaosikiliza, kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, Mwasiti aliuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake mfukoni. "Bibi," alisema, "kuvumbika ni nini?"

Bibi alimweleza kama anavyoelezwa mtoto. Unakichukua kitu kibichi, unakifunika, unakifukia, kwenye pipa, kwenye majani, kwenye majivu ya moto, unakiacha na joto lake mpaka kigeuke. Ndizi huvumbikwa. Parachichi huvumbikwa. Majani ya mghare huvumbikwa kwenye majivu, yamefungwa kwenye jani la mgomba, mpaka yawe meusi na yanuke ugoro.

"Yanuke nini?" Mbazi aliuliza.

"Ugoro."

Mbazi aliacha kutafuna. Angeweza kumeza tu, wala hakuna ambaye angejua. Mti ungefutwa, duara lingeitwa bahati, na jina lake lingebaki safi. Akaiweka ndizi yake chini.

"Mwasiti," alisema, "yale majani hayakuwa makavu."

Akasimulia yote. Mfuko, mtungi wa mvuke, dada yake, pilau. Wakatazamana, mmoja aliyesikia neno akalisaga, na mwingine aliyelijua neno tangu utotoni, wala hakuambiwa. Bibi Naelijwa alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwasiti, ambaye sasa alikuwa amelionja swali na kuliona tamu, akaongeza la pili. "Na wewe, Bibi? Wewe huyavumbika?"

Kicheko kikakatika. Bibi alilitazama jiko la gesi na kitambaa chake cha kufuma. Akayatazama mafiga, na majivu, na kuku mwekundu.

"Mimi," alisema polepole, "tangu hili lije... huwa nachemsha tu. Kumbe ndiyo maana."

Hakuna aliyetaja wakwe wa mtu yeyote. Ila siku hiyohiyo kuku alihamishwa, akilaani, na moto ukawashwa kwenye mafiga.

Mbazi akaungama tena mbele ya Dokta Nyoni, na mti ukaongezewa muda. Kilichofuata kilikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa ya Mwasiti. Alipima majani mabichi. Akapima makavu. Akapima yaliyovumbikwa na Bibi kwenye majivu, na yaliyovumbikwa kwenye mfuko nyuma ya mtungi. Akapima majivu matupu, Mbazi asije akasema ni majivu. Akaziwekea chupa alama ambazo yeye peke yake alizijua, akawapa wenzake wapime bila kujua wanapima nini, na wengine walimchukia kwa hilo. Alipima kwa vijidudu vya majipu, akapima kwa vijidudu vya kuharisha. Vya kuharisha vilimcheka. Vya majipu vilikimbia. Kila penye majani yaliyovumbikwa palikuwa na duara. Kila penye vumbi lake zuri la kijani hapakuwa na kitu. Alirudia mpaka Dokta Nyoni mwenyewe akasema basi.

"Hii bado si dawa," Dokta aliwaambia. "Kuua vijidudu kwenye kisahani ni jambo moja, kumponya mtu ni safari nyingine. Lakini ni ugunduzi." Kisha akamtazama Mwasiti na kumwomba radhi, kwa sentensi fupi, mbele ya wote. Akaagiza kibao.

Siku ya kibao ilikuwa Ijumaa, mchana, jua la kupendeza. Fundi Chambo, mwandika vibao, alifika na kopo lake la rangi nyeupe na brashi yake nyembamba. Wanafunzi walikaa kwenye ngazi za maabara. Na Bibi Naelijwa alishuka mlima na kikapu cha ndizi kichwani, amevaa gauni la harusi za watu, kwa sababu alikuwa amesikia kuna jina linaandikwa, na hakuona ni jina gani lingine lingeweza kuwa.

Ndizi ziligawiwa. Fundi Chambo akachovya brashi, akauliza, "Naandika nani?"

Wakajibu watatu kwa pamoja.

Wakatazamana. Ngazi zikacheka. Dokta Nyoni akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema kwamba desturi inasema aliyegundua, haisemi zaidi, na kibao ni kimoja, na jina ni moja, kwa hiyo kila mmoja aseme yake na wakubwa watangulie.

Bibi Naelijwa alisimama. "Neno ni langu," alisema. "Lilitoka kwa mama yangu, likakaa kwangu, likatoka kinywani mwangu likaingia sikioni mwa binti huyu. Kama hakuwa na mahali pa kuliweka, si kosa langu. Bila neno langu hawa wawili wasingejua hata jina la mti. Niandikeni, tena kwa herufi kubwa, ili wale wa mlimani wanaosema Naelijwa kachakaa washuke kuja kusoma."

"Bibi, neno ulikuwa nalo," alisema Mbazi, "lakini aliyekuwa akilivumbika ni kuku."

Watu wakacheka, na Bibi akacheka, kisha akamwambia kwamba kesi yake ya barazani bado haijafutwa.

Mbazi akasimama naye. Alianza kwa mzaha, akasema duara la kwanza ni lake, vijidudu vya kwanza kufa vilikufa mikononi mwake, na kwamba alivumbika vizuri kuliko wote kwa kuwa alivumbika bila kujua. Kisha mzaha ukamtoka. "Pale jikoni kwa Bibi," alisema, "ningenyamaza. Mwasiti angesikia neno, sawa, lakini asingejua kwamba duara lile lilikuwa la kweli. Asingekuwa na mti wala muda wa kulipima. Nilisema nikijua naweza kufukuzwa chuo. Mambo mengine yote nilisahau. Hilo sikusahau, hilo nilichagua."

"Uliusahau mfuko ukaenda kula pilau," alisema Bibi. "Kusahau kukipewa kibao, marehemu mume wangu ataujaza mlango mzima."

Akabaki Mwasiti.

Alisimama, akaweka mkono kiunoni, na ngazi zikatulia. Alizungumza vizuri, maana hajui kuzungumza vibaya. Neno lililolala kwa miaka kwenye majivu ya kuku, alisema, halikuwa ugunduzi, lilikuwa kumbukumbu. Mfuko uliosahauliwa nyuma ya mtungi haukuwa ugunduzi, ulikuwa uchafu. Yeye ndiye aliyeuliza. Yeye ndiye aliyelichukua neno na mfuko akaviweka pamoja, akavipima, akavirudia, akajitilia shaka mwenyewe kuliko Dokta alivyomtilia shaka, mpaka likawa jambo ambalo mtu yeyote, popote, anaweza kulirudia na likamtii. Kabla yake palikuwa na bibi mwenye sifa na kijana mwenye siri. Baada yake pana ukweli.

Wasichana kwenye ngazi walipiga makofi. Na Mbazi, taratibu, bila ubaya wowote, akaweka mkono kiunoni.

"Kwa maneno mengine," alisema, "kama angelisikia neno siku ya kwanza, tungekuwa tumemaliza zamani. Anataka kosa lake liandikwe kwa rangi nyeupe."

Ngazi zilipasuka kwa kicheko. Mwasiti naye alicheka. Hakuweza kujizuia, pigo lilikuwa zuri, na lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa bado anacheka Dokta Nyoni aliposema kutoka kwenye ndoo yake, kana kwamba amekumbuka jambo dogo tu:

"Lakini wewe ulisema mwanamke yeyote."

Kicheko cha Mwasiti kikapungua.

"Ukumbini. Nilikuwapo," alisema Dokta. "Mwanamke yeyote. Bibi Naelijwa je?"

Mwasiti aligeuka akamtazama Bibi, na gauni lake la harusi za watu, na mikono yake iliyonuka majivu tena baada ya miaka mingi. Akaumega mwisho wa ndizi yake, akautafuna, akaumeza.

"Nilisema yeyote," alisema. "Nilimaanisha mimi."

Hawakumcheka. Bibi Naelijwa alimsogezea ndizi nyingine.

"Angalau umesema mwenyewe," alimwambia, "hukusemewa."

"Jaribio limesajiliwa kwa jina lako, Mwasiti," alisema Dokta Nyoni. "Kwa hiyo wewe ndiye utakayemwambia fundi. Mwambie jina, moja, na usiliseme kwa maneno mengine."

Jua lilikuwa zuri. Hapakuwa na aliyekuwa na haraka. Ndizi zilikuwa bado nyingi, na duara, la nani sijui, lilikuwa limesimama salama ndani ya kabati. Kama Mwasiti atalitaja jina lake, mlango unampata mwanamke wake wa kwanza, na Bibi anapanda mlima na kikapu kitupu kwa watu wanaosema kachakaa. Kama atamtaja Bibi, mlango unampata mwanamke vilevile, na neno lake la ukumbini linatimia bila yeye. Na kama atamtaja Mbazi, ambaye peke yake alikuwa na jambo la kupoteza aliposema kweli, basi panaongezeka mwanamume mmoja juu ya wanaume wengine, na haki ikiwa haki haiangalii mlango umejaa nani. Au inaangalia?

Fundi Chambo alichovya brashi mara nyingine. Tone jeupe likadondoka kizingitini.

"Rangi inakauka, dada," alisema. "Naandika nani?"

Mwasiti alifungua mdomo.

Nami naufunga wangu hapohapo, maana nimewaona ninyi wa viti vya nyuma mkinong'onezana tangu mfuko ulipofunguliwa. Haya, msininong'oneze, simameni mkaseme kwa sauti, na mseme kwa maneno yenu wenyewe. Mwenye neno aliyeliacha, mwenye kosa aliyelikiri, na mwenye swali aliyechelewa kuliuliza: kibao ni kimoja, jina ni moja. Je, nani alistahili kuandikwa mlangoni?